Kufagia Mwanga Jirani na Mashine ya Mpunga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa maji. Nilikuwa nimetoka shule ya walaboranti, koti jeupe limepigwa pasi na mama yangu kwa pasi ya makaa, kichwa kimejaa majina ya magonjwa, na nilidhani nitaanza moja kwa moja na damu. Shefu wa labo ya hospitali, hapa Kasongo, alinipeleka kwenye mashine ya kijivu iliyofunikwa kitambaa, akanipa kichupa cha maji safi.

"Pima hii," akasema.

"Shefu, hii ni maji."

"Najua. Pima."

Nikapima. Akasema nirudilie. Nikarudilia mpaka mgongo ukaniuma, na wenzangu waliokuwa kwenye darubini wakanicheka waziwazi. Jioni akaja kusimama nyuma yangu.

"Umeona nini, Apolina?"

"Sijaona kitu, Shefu."

"Vizuri. Siku utaona kitu ndani ya maji safi, ujue mashini iko na ugonjwa, ao weye mwenyewe."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Mimi ni mtu wa haraka tangu kuzaliwa. Mama alikuwa akisema nilitoka tumboni kabla mkunga hajanawa mikono. Kupima maji wiki nzima kulikuwa adhabu kwangu. Baadaye nilielewa kwamba maji yale, ambayo kwa Kifaransa cha labo tuliyaita blan, ndiyo msingi wa kila kitu. Mashine hupima blan kwanza ili ijue ukimya ulivyo, ndipo iweze kusikia sauti.

Ninyi vijana wa labo mnaonisoma mmezoea mashine zinazojipanga zenyewe, kwa hiyo niwaeleze ile ya kwetu. Ilikuwa spektrofotometa, nasi tuliiita Spektro kama vile ni jina la mtu. Ndani yake kuna taa, na mwanga wa taa unapita katika kichupa cha pande nne kiitwacho kiveti. Dawa au damu iliyomo humeza sehemu ya mwanga huo, na mashine husema imemeza kiasi gani. Kila rangi ya mwanga ina namba yake, inayohesabiwa kwa nanometa, yaani urefu wa wimbi lake. Ukitaka kujua rangi moja tu imemezwa vipi, unaiambia mashine isimame pale. Ukitaka picha nzima, unaiambia itembee kutoka rangi moja hadi nyingine, ikichora mstari wenye vilima na mabonde. Kwa Kifaransa kutembea huko wanakuita kwa neno lilelile la kufagia uwanja, basi sisi tukasema tunafagia. Ndugu za wagonjwa waliokuwa kwenye baraza wakisikia "Apolina, umefagia ile damu?" walishika vichwa.

Kabla ya kufagia, Shefu alinitaka niseme kwa sauti kila nilichokuwa nachagua. Unaanzia wapi, unaishia wapi? Hatua zako ni za ukubwa gani? Ukipiga hatua kubwa unamaliza upesi, lakini kilima chembamba kinaweza kuwa katikati ya nyayo zako mbili na usikione kabisa. Kisha, kwenye kila hatua utasimama muda gani kukusanya mwanga? Na utarudia mara ngapi ili uchukue wastani? Ukikusanya kidogo, mstari unatetemeka kama mkono wa mtu mwenye malaria. Ukikusanya sana, unakawia, na katika kukawia taa inachoka, umeme unabadilika, mambo yanakukuta njiani.

"Hakuna chaguo la bure," Shefu alikuwa akisema. "Kila unachopata upande huu, unakitoa upande mwingine. Sasa niambie, leo unatoa nini?"

Nilichukia swali hilo kwa miaka mingi. Sasa ndilo ninalolikumbuka kuliko sura yake.

Kazi kubwa ya Spektro ilikuwa watoto wachanga wenye manjano. Mtoto akizaliwa, damu yake inaweza kujaa kitu cha njano kiitwacho bilirubini. Kidogo hakidhuru. Kikizidi kinapanda kwenye ubongo, na kikishafika huko hakuna dawa ya kukirudisha. Kinachomwokoa ni kumlaza mtoto chini ya taa ya bluu mapema. Hospitali ilikuwa na taa moja, kwa hiyo namba yetu ndiyo iliyosema nani anatangulia. Na tulifagia, hatukupima rangi moja tu, kwa sababu pembeni ya kilima cha njano tulitazama pia vilima vya damu iliyovunjika, ambavyo vingeweza kutudanganya. Mirija ya damu ya watoto tuliifunga kwa kitambaa cheusi, maana mwanga uleule unaomponya mtoto huharibu bilirubini ndani ya chupa.

Baadaye nilihamishwa Kabambare. Mganga mkuu wa huko alikuwa mtu mzuri, mcheshi, asiyemnyima mtu salamu, ila labo yake ilikuwa darubini, kioo cha kupokelea mwanga wa jua, na meza. Mtoto mwenye manjano tulimpima kwa kidole: unambonyeza kwenye paji la uso, unaachia, unatazama ngozi inarudi na rangi gani. Halafu kwenye kifua, halafu kwenye nyayo. Mganga alikuwa na jicho zuri. Lakini jicho ni jicho, na chini ya paa la nyasi siku ya mvua kila kitu ni cha kijivu.

Mama mmoja alikuja kwa pikipiki kutoka upande wa Wamaza, mtoto amefungwa kwenye kitenge. Mganga alibonyeza, akatazama, akaniita na mimi nitazame. Wote wawili tuliona manjano ya kawaida. Mama akaambiwa amnyonyeshe sana na amwoteshe jua la asubuhi. Alirudi siku chache baadaye, mtoto amejipinda mgongo kama upinde, analia kwa sauti nyembamba. Aliishi. Nilimwona tena alipokuwa anatambaa. Ukipiga makofi nyuma yake hakugeuka. Mama yake aliniambia, bila ubaya wowote, "Mama Apolina, hasikie. Tunamuonyeshaka tu na mikono." Sikumkosea mtu, na mganga hakumkosea mtu. Tulikosa mashine tu. Lakini tangu siku ile sikuilalamikia tena Spektro.

Niliporudishwa Kasongo nilikuta Shefu amekuwa na mvi na Spektro imeanza kucheza.

Sababu ilijulikana. Jenereta ya hospitali, ile tunayoiita grupu, ilikuwa imekufa, na jirani yetu Mzee Ramazani alitupa waya kutoka grupu yake mwenyewe. Grupu hiyo ilikuwa ya mashine yake ya kukoboa mpunga, iliyokaa nyuma tu ya ukuta wa labo. Bila yeye tungekaa gizani, na hakutuomba chochote. Lakini kila mwanamke alipomimina ungo wa mpunga mdomoni mwa mashine, mota ilinguruma, umeme ukashuka, na taa ya Spektro ikakonyeza. Kifaa cha kutuliza umeme kilikuwa kimeungua, na kingine tuliambiwa kiko njiani. Kilikuwa njiani muda wote niliofanya kazi pale.

Tulijaribu kila chaguo. Tukifagia upesi, mstari ulijaa miiba. Tukifagia polepole na kurudia mara nyingi, mashine ya mpunga ilitukuta katikati na kilima kikainama upande mmoja. Kwa watoto, tulirudia mpaka tukaridhika. Ila kila msimu ofisi ya labo kule Kindu ilitutumia chupa za majaribio ambazo wao walijua majibu yake, nasi tulipaswa kuzipima na kurudisha majibu. Yetu yaliruka huku na huku.

Ndipo mimi, mtu wa haraka, nikagundua Ijumaa. Mchana wa Ijumaa Mzee Ramazani alifunga mashine ya mpunga akaenda msikitini, lakini grupu aliiacha ikiunguruma kwa ajili yetu. Mimi Mkristo wa kwaya sikuwahi kupenda sala ya mtu mwingine namna ile! Muda huo mstari wa Spektro ulinyooka, ukapanda na kushuka laini. Shefu alitazama skrini akacheka kama mtoto. Tangu hapo, chupa za Kindu tulizipima Ijumaa mchana, na majibu yakawa mazuri mno.

Mazuri mno ndiyo yaliyotuponza. Siku moja, bila kupiga simu, Enspekta wa labo kutoka Kindu akashuka kwenye pikipiki mbele ya hospitali, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa kijana, mpole wa sauti, amesoma mbali. Ilikuwa mkesha wa Idi. Hakukubali hata chai.

"Shefu," akasema, "resultats, majibu zenu za Ijumaa, ziko propre, safi sana. Za siku zingine zinacheza ndombolo. Mutu gani anazipangaka?"

Shefu hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa kwamba anasema tunatunga majibu, na damu ikanipanda.

"Hakuna mutu anapanga kitu, Enspekta," nikasema.

"Mama, sina ubaya na ninyi. Lakini mashini inayosema kweli siku moja tu ndani ya wiki, mimi sina confiance nayo. Kule Kindu iko courant, umeme ya sawasawa. Nimekuja kuichukua. Sanduku lake litafika na gari."

Shefu alikaa kwenye kiti. Mikono yake aliificha kati ya magoti.

"Miye nimepima damu ya watu wa hapa mpaka meno yamenitoka," akasema polepole. "Sijaandika namba moja ya uongo. Chukua mashini kama serikali inataka. Lakini ile neno uliniambia, uirudishe."

Enspekta akainamisha macho. Hakuwa mtu mbaya. Nikamwambia habari ya watoto wa manjano: kwamba damu yao ikipelekwa Kindu kwa barabara zetu, itafika imeiva kwa joto, na jibu litamkuta mtoto amekwisha kupona au amekwisha kupinda. Nikamwambia juu ya kidole kwenye paji la uso. Nikamweleza mpunga na Ijumaa.

"Basi munipimie sasa," akasema. Akatoa chupa mpya kwenye begi. "Hapa, mbele yangu. Ikitoka muzuri, inabakia."

Nyuma ya ukuta mashine ya mpunga ilikuwa inanguruma kuliko siku yoyote. Mkesha wa Idi! Wanawake wa Kasongo nzima walikuwa wamepanga foleni na vikapu, na wengine walitoka mbali kule Lusangi kwa baiskeli, ili kesho watoto wao wale wali mweupe.

Nilitoka nikikimbia na koti langu. Mzee Ramazani alikuwa mweupe kwa pumba kuanzia kofia hadi vidole vya miguu. Nilimpigia kelele sikioni habari yote. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama Apolina, grupu ni yangu, mashini ni yangu. Mupunga si yangu, ni ya hawa wamama. Miye siwezi kuwasimamisha leo. Uwaulize wenyewe."

Akapunguza mota kidogo ili nisikike. Nikapanda juu ya gunia. Sijawahi kuhubiri maishani mwangu, na nadhani nilihubiri vibaya. Nilisema mashine ya kupimia watoto inataka kuondoka, na kuizuia kunahitaji kimya sasa hivi, na sijui kitachukua muda gani, na najua kesho ni Idi.

Mwanzoni ilikuwa ghasia. Mmoja akauliza kwa nini wazungu wa labo hawakuchagua siku nyingine, akimaanisha mimi, binti wa mkulima wa hapahapa! Mwingine akasema ana wageni. Aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Mangaza, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Ungo wake ulikuwa tayari begani. Alitazama mdomo wa mashine, akatazama mpunga wake, akashusha ungo chini.

"Mutoto wa nani atakufa juu ya wali?" akasema. "Mzee, zima. Tunangoja."

Mota ikashuka, ikakohoa, ikanyamaza. Grupu peke yake ikabaki ikiimba.

Nilirudi ndani. Shefu alisimama, akafunga vifungo vya koti lake mpaka shingoni, akavuta kiti cha Spektro. Enspekta akasimama pembeni, mikono nyuma. Kisha Shefu akanigeukia.

"Apolina, leo tunatoa nini?"

Kila kitu cha haraka ndani yangu kilitaka kumaliza upesi, wale wanawake wakaendelee. "Tunatoa wakati, Shefu," nikasema. "Hatua ndogo. Kusimama mrefu. Kurudilia sana."

Akapanga hivyo. Blan kwanza, maji safi, na mstari ukalala kama mkeka. Halafu chupa ya Enspekta. Mstari ukaanza kupanda taratibu mno, nami nilitamani kuusukuma kwa kidole. Nje hakuna aliyepaza sauti. Nilichungulia dirishani nikaona wamekaa juu ya vikapu vyao, wengine wanasukana nywele, mmoja anamziba mtoto mdomo kana kwamba Spektro ingesikia kilio. Hakuna aliyewaambia kwamba sauti haidhuru kitu. Sikuwa na moyo wa kuwaambia.

Mashine ikarudia. Ikarudia tena. Jua likahama kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Hatimaye namba ikatoka, na Enspekta akatoa karatasi mfukoni akalinganisha. Akapumua kwa nguvu.

"Shefu," akasema, "ile neno yangu ninairudisha. Unisamehe." Kisha akanyoosha kidole ukutani. "Mashini iko muzima. Nyumba ndiyo iko na ugonjwa. Kila siku mutapata saa moja ya kimya kama hii? Ni ile tu ndiyo naomba."

Mzee Ramazani, aliyekuwa amesimama mlangoni na pumba zake, akajibu kabla yetu: "Saa ya labo? Watapata. Hata kama miye nimekufa, watapata."

Mota ikawashwa, lakini siku ilikuwa imekwisha kuliwa. Wengi hawakufikiwa. Jioni ile nikisindikizana na Shefu nyumbani nilisikia kitu ambacho Kasongo haikuwa imesikia tangu mashine ya mpunga iletwe: vinu. Huku kinu, kule kinu, mtaa mzima unatwanga. Nilimkuta Mama Mangaza uani kwake, mpunga wake bado una maganda, jasho linamtiririka. Alikuwa amewaachia wa Lusangi nafasi yake, kwa sababu wao walikuwa na safari. Nilivua koti jeupe, nikachukua mchi wa pili. Tulitwanga mpaka mikono yangu ikatoka malengelenge, naye akinicheka jinsi ninavyotwanga haraka na kumwaga.

Asubuhi ya Idi ikaletwa sahani labo kutoka kwa Mama Mangaza, wali wenye maganda humo ndani. Enspekta alikula nasi. Nilimwona akitoa ganda kwenye meno yake taratibu, akaliweka pembeni ya sahani, akaongeza kijiko.

Saa ya labo ilidumu miaka mingi. Mzee Ramazani alikufa, mwanawe akaishika, na watu wa mtaa wakaizoea hata wakaitumia kwa mambo yao: mashine ikinyamaza, mtu alijua ni wakati wa kuepua chungu au kwenda kumchukua mtoto shule. Shefu alistaafu, nikaketi kwenye kiti chake, nikawatesa vijana kwa maji safi kama alivyonitesa. Baadaye zikaja paneli za umeme wa jua juu ya paa, na Spektro mpya ambayo unaibonyeza mara moja tu na yenyewe inachagua hatua, muda na kurudia. Sina ugomvi nayo. Ila nakosa kimya kile. Mpaka leo, nikiwa nimekaa nyumbani bila kazi, mchana ukifika ile saa mwili wangu unatulia wenyewe, kisha nakumbuka hakuna ninachopima, na moyo unaniuma kidogo.

Wanaonitembelea huniuliza kama nilipata sifa yoyote. Niliagwa kwa hotuba na soda, na nilifurahi. Lakini sifa yangu niliipata wiki ya mwisho kazini. Nilikuwa nimeketi barazani, na ndani kijana alikuwa anapima damu ya kichanga. Mama yake, msichana mdogo aliyetoka mbali kwa pikipiki, alikuwa anatembea huku na huku, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Mama, munakawia! Tangu nimefika nimeshanyonyesha huyu mutoto mara moja nzima, na jibu hakuna! Munafanyaka nini humo ndani, munafagia?"

Mtu hawezi kulalamika hivyo kwa kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Huyu alizaliwa na kukua akijua kwamba ukileta mtoto wa manjano Kasongo, jibu linatoka, na linatoka leo, na likikawia una haki ya kugomba. Nilisimama nikamwomba msamaha, machozi yananitoka, naye akaniangalia kama mtu anayemtazama mwehu. Kisha kijana akaita jina la mtoto, na yule msichana akaingia ndani bila hata kunitazama tena.